Mifupa ya mama zetu: Tusiulize dawa imetoka wapi, tuulize imepimwa vipi

KATIKA wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mvua za masika zikianza, njia za mlimani huwa utelezi, na haupiti msimu bila kusikika kwamba bibi wa fulani ameteleza akitoka kuteka maji, amevunjika kifundo cha mkono au nyonga. Kijana akianguka pale pale huinuka, akajifuta tope na kuendelea na safari yake. Bibi huyu hakuanguka kutoka juu ya mti wala juu ya paa. Ameanguka kutoka kimo chake tu, na mfupa umekatika kama kijiti kikavu.

Baada ya hapo hukaa kikao cha familia. Mtoto mmoja husema mama apelekwe Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 ambayo wagonjwa huifuata kutoka mbali. Mwingine husema aitwe mzee wa kijijini anayeunga mifupa, kwani ndiye aliyemuunga baba yao. Wa tatu, aliyekuja kutoka mjini, hutoa mfukoni chupa ya mafuta ya habasoda na kopo la unga wa mizizi, ambalo nje limeandikwa kuwa ni tiba ya asili isiyo na madhara yoyote. Wote watatu wanampenda mama yao. Lakini ng'ombe wa kuuza ni mmoja, na fedha zikitumika huku hazitakuwepo kule.

Ndugu msomaji, mjadala wa kikao hiki karibu kila mara huchukua sura moja: dawa ya hospitali au dawa ya asili? Nia ya makala hii ni kuonesha kwamba swali hilo limekaa upande, na kwamba madhara mengi yanayowapata wazee wetu yanatokana na kulijibu kabla ya kulirekebisha.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mfupa si jiwe. Ni kiungo kilicho hai, ambacho kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Tangu utotoni mpaka karibu miaka 30 ujenzi huushinda ubomoaji. Baada ya hapo mizani hugeuka polepole, na kwa mwanamke hugeuka kwa kasi pale hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua. Mfupa ukibaki na matundu mengi na madini machache, madaktari huuita ugonjwa huo ostioporosisi. Hauumi wala hauleti homa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvunjika kwenyewe, au mgongo kupinda na kimo kupungua, jambo ambalo sisi huliita uzee tukanyamaza. Nyonga ikivunjika kwa mzee ni jambo zito, kwani kulala kitandani wiki kwa wiki huleta vidonda, nimonia na damu kuganda, na wengi hawainuki tena.

Sasa tuliendee lile neno asili. Katika soko la dawa neno hili limegeuzwa kuwa cheti cha usalama. Inadaiwa kwamba kitu kikitoka ardhini, kwenye mti au kwenye maji, basi hakidhuru. Watu wa ukanda wetu wangekuwa wa kwanza kulikataa dai hilo, kwani tunao ushahidi midomoni mwetu wenyewe. Mkoa wa Manyara, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida na mingineyo, umo katika ukanda ambao maji ya visima na chemchemi nyingi yana madini mengi ya floraidi, yatokanayo na miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Ndiyo yanayowapa watoto meno ya kahawia. Yakizidi sana na kwa miaka mingi, huingia kwenye mifupa, yakakaza viungo na kupinda miguu ya watoto, kama ilivyojulikana kwa muda mrefu huko Maji ya Chai, Arumeru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa shida ya maji, kwa miaka mingi iliruhusu maji ya vijijini yawe na kiwango cha juu zaidi ya hicho.

Maji hayo hakuna aliyeyatia kemikali. Yametoka mlimani, ni ya asili kabisa, na yanaharibu mifupa.

Lakini asifurahi haraka yule anayeitetea hospitali, kwani kisa cha floraidi kina upande wa pili. Madaktari wa nchi za Magharibi waliona kwamba floraidi huongeza uzito wa mfupa, wakafikiri wamepata tiba ya ostioporosisi. Kwa miaka mingi wagonjwa walipewa vidonge vyake. Mwaka 1990 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 202 kwa miaka minne. Wote walipewa kalsiamu, na nusu yao wakaongezewa floraidi. Kipimo cha uti wa mgongo kwa waliopewa floraidi kilipanda kwa asilimia 35, na kwenye karatasi ilionekana ni ushindi. Walipohesabu mifupa iliyovunjika, pingili za mgongo hazikuwa zimepata kinga ya kutegemewa, na katika mifupa mingine waliopewa floraidi walivunjika mara 72 dhidi ya 24 za wenzao. Mfupa ulikuwa umenenepa bila kupata nguvu.

Tulizingatie hilo. Kitu kile kile kimoja kilidhuru kilipokuja kwa jina la asili, na hakikufaa kilipokuja kwa jina la dawa ya daktari. Jina halikuokoa mtu upande wowote. Kilichookoa ni pale watu walipokubali kuhesabu waliovunjika na kutangaza walichokiona hata kama kiliwaaibisha. Tena, moja ya njia za kupunguza floraidi majini, iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huo nao ni wa asili, tofauti yake ni kwamba umepimwa.

Tukishakubali kipimo hicho, tuviweke juu yake vile vinavyopendekezwa leo, bila kuonea upande.

Katika dawa za hospitali, inayotumika sana duniani ni alendroneti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995. Mwaka uliofuata ulitangazwa utafiti wa wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili za mgongo zilizovunjika. Katika miaka mitatu hivi, kati ya kila wanawake 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 15 walivunjika pingili nyingine. Kwa waliomeza dawa walikuwa 8. Waliovunjika nyonga walikuwa 22 kwa upande mmoja na 11 kwa upande wa pili. Muuzaji atakwambia dawa imepunguza kuvunjika kwa nusu, na ni kweli. Mkweli zaidi atakwambia pia kwamba kwa nyonga, nusu hiyo maana yake ni mtu mmoja hivi katika kila mia. Kwa mama ambaye ameshavunjika mara moja, faida hiyo si ya kudharau. Kwa mwanamke mwenye miaka 50 ambaye mifupa yake ni mizima, hesabu ni nyingine.

Madhara nayo yapo. Dawa hii huchoma umio, kwa hiyo humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa gilasi nzima ya maji, na mgonjwa hukaa wima au kusimama kwa nusu saa bila kula wala kulala. Mara chache sana, hasa ikitumiwa kwa miaka mingi, taya huweza kuharibika au paja likavunjika kwa namna isiyo ya kawaida. Bibi atakayeimeza kwa funda la uji kisha akajilaza, amepata madhara bila faida, na kosa si lake bali la aliyempa bila kumweleza. Na kwa kuwa kipo kidonge cha mara moja kwa wiki, mwenye kufunga Ramadhani amuulize daktari mapema namna ya kuipanga.

Zipo dawa za hospitali zilizopimwa zikaonekana zina gharama kubwa. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa vidonge vya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi ulisimamishwa Marekani kabla ya muda wake. Nyonga zilizovunjika zilikuwa zimepungua kwa theluthi moja, lakini saratani ya matiti na kiharusi vilikuwa vimeongezeka. Mwaka 2006 wanawake zaidi ya 36,000 waliofuatiliwa kwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D hawakuonesha upungufu wa uhakika wa kuvunjika nyonga, ila mawe ya figo yaliongezeka kidogo. Kwa hiyo hata kopo la kalsiamu, ambalo wengi hulinunua wakidhani halina hasara, limepita kwenye mizani na likaonekana jepesi kuliko lilivyosifiwa.

Upande wa asili nao una vyenye uzito. Jua ni la kwanza. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe, hawa wa pili wakiwa ni watu wa Yaeda Chini, Mbulu, na kandokando ya Ziwa Eyasi. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho wengi Ulaya hawakifikii. Hawakumeza kidonge, wanaishi juani. Hapa dada zetu wanaokaa ndani mchana kutwa, hasa mijini, na wanaojisitiri vazi kamili watokapo, wana jambo la kufikiria. Sitara haimkatazi mwanamke kukaa ndani ya ua wake, mikono na miguu ikapata jua. La pili ni chakula: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na ulezi, ambao gramu 100 zake zina kalsiamu ya miligramu zaidi ya 300. La tatu ni kazi ya miguu. Kupanda na kushuka vilima huufundisha mfupa kuwa imara, na mwenye misuli yenye nguvu haanguki ovyo. Tumbaku na pombe, ambazo dini imeshatuonya nazo, nazo huumaliza mfupa.

Lakini hayo yana wakati wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jua, ulezi na mwendo ni kuziba ufa, tena kuanzia kwa binti wa miaka 12 na kuendelea. Bibi wa miaka 75 ambaye nyonga yake imekatika anahitaji ukuta kujengwa, na kumwambia anywe uji wa ulezi apone ni kumdhihaki. Mzee anayeunga mifupa naye anaweza kuwa na mkono mwema kwa mfupa wa mkono uliovunjika bila kuhama. Kwa nyonga ya ajuza hana la kufanya, na bandeji iliyokazwa kupita kiasi imewahi kuozesha viungo. Mwungwana katika kazi hiyo husema, hili limenishinda, mpelekeni.

Wapo watakaosema kwamba hoja hizi ni za makampuni ya dawa yanayotafuta faida. Ni kweli makampuni yanatafuta faida, na ndiyo sababu nimetaja vidonge vya floraidi na homoni. Lakini mwenye kopo la unga wa mizizi naye hatoi sadaka. Tofauti ni kwamba wa kwanza analazimishwa, walau kwa kiasi, kuonesha hesabu za waliopona na waliodhurika, na wa pili hajaulizwa kitu. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na utafiti wa miti ya dawa umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu miaka ya 1970. Kupima dawa za asili si kuzidharau. Dawa mseto ya malaria tunayoimeza leo imetokana na mmea wa Kichina, na ilipata heshima yake kwa kupimwa.

Tunakumbuka yaliyotokea jirani zetu wa Loliondo mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kijijini Samunge, na foleni ya magari ilifika kilometa nyingi. Wagonjwa waliondolewa vitandani hospitalini ili wawahi kikombe, na makumi waliripotiwa kufa njiani na kwenye foleni. Shilingi 500 si wizi, na mti wenyewe unajulikana katika dawa za jadi. Madhara yalitoka kwa wale waliomwambia mgonjwa wa kisukari au wa Ukimwi kwamba akishakunywa aache vidonge vyake. Dawa isiyokuponya imekupunguzia fedha tu. Neno linalokufanya uache dawa inayokuponya linaweza kukuua.

Sasa niwageukie ndugu zangu Waislamu wanaouza dawa milangoni mwa misikiti. Yule mwenye chupa ya habasoda hutaja hadithi mashuhuri ya Mtume (SAW) kwamba ndani yake mna ponyo. Hadithi ni sahihi na tunaiamini. Lakini wanazuoni wakubwa, akiwemo al-Khattabi, wameeleza kwamba tamko hilo la jumla limekusudiwa maradhi maalumu. Ukichukua maneno ya Mtume (SAW) ukayabandika kwenye kopo la mchanganyiko wako mwenyewe, kisha nyonga ya bibi isipone, umemfanya bibi aitilie shaka dini kwa ajili ya biashara yako. Mtume (SAW) huyo huyo ameamrisha watu watafute tiba, na imepokewa kwake kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara anayosababisha. Hadithi hii haiandikwi kwenye makopo.

Wala kupima si jambo la kizungu. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, ameandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya ubongo na wengine akawaacha kwa makusudi, ili ajue kama kutoa damu kuna faida. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameweka katika kitabu chake cha Qanun masharti ya kuijaribu dawa, likiwemo kwamba ijaribiwe kwa binadamu, kwani kilichomfaa farasi huenda kisimfae mtu. Na anayesita kwa sababu hospitali iliyo karibu ni ya wamisionari, akumbuke kwamba katika Hijra Mtume (SAW) alimwamini njia Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake.

Liko jambo moja zaidi ambalo mizani haitakamilika bila kulitaja. Mama wa kijijini Basotu au Dongobesh mara nyingi hana chaguo mbili mkononi. Mashine ya kupima madini ya mfupa ni adimu nchini, na dawa za ugonjwa huu si za kuzikuta kwenye zahanati. Muuza kopo yeye yuko mnadani kila wiki. Kwa hiyo tusimlaumu mama kwa kununua alichokiona. Lawama iwaendee wanaojua na hawasemi: muuzaji anayejua hajapima, daktari anayeandika karatasi kwa lugha ya kigeni bila kueleza, na sisi watoto tunaotuma fedha za dawa bila kuuliza ni dawa gani.

Kuuliza si ujinga. Kikao cha familia kikikaa, badala ya kugombana juu ya hospitali na asili, kimuulize kila anayeleta dawa maswali manne. Je, waliotumia hii walilinganishwa na wasiotumia? Madhara yake ni yapi? Tukiitumia, kuna tiba nyingine tutalazimika kuiacha? Na isipofaa, nani atawajibika? Daktari ayajibu, mzee wa kuunga mifupa ayajibu, na mwenye chupa ya habasoda ayajibu. Atakayesema dawa yake haina madhara yoyote na inatibu kila kitu, huyo ameshajijibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tawakali ni wajibu, na mahali pake ni baada ya kumfunga ngamia. Mama aliyetubeba mgongoni, sasa mgongo huo umepinda. Kumfanyia wema, kama tulivyoamrishwa, ni pamoja na kuyauliza maswali hayo manne kwa niaba yake kabla hajameza. Allah ndiye mponyaji, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.